Msitu Ukiungua Mara ya Pili

Sisi watu wa pwani tumelelewa na moto wa makuti. Cheche ikiruka jikoni wakati kusi imekaza, nyumba huteketea kabla ndoo haijarudi kutoka kisimani, na upepo ukiamua huchukua na ya jirani. Asubuhi unakuta kuta zenye masizi, na watu wamekaa nje na vyombo walivyowahi kuviokoa. Ndiyo maana tukiona kwenye simu picha za misitu ya Marekani au Kanada inavyowaka, mlima mzima umekuwa mwekundu, tunauhukumu msitu kama tunavyoihukumu nyumba: basi, umekwisha.

Mimi nauza mbao hapa Malindi, nyingi zikiwa paini na saipresi zinazoshuka kutoka bara. Nilianza kusoma habari za misitu hii kwa ajili ya bei, maana mbao ikipanda Elburgon au Mufindi, kwangu nayo haichelewi kupanda. Muda si muda nikawa nimeziacha bei, nimeshikwa na misitu yenyewe. Niliyoyasoma yamenigeuza mawazo, na nayaandika kwa sababu naona Kilifi nzima watu wanapanda miti kwa kasi, jambo jema, lakini sioni wakiulizana mti huo ukishikwa na moto au mdudu itakuwaje.

Ninaloamini sasa ni hili: mara nyingi msitu wa misonobari, yaani paini, hauuawi na moto, wala hauuawi na mdudu. Unauawa na pigo la pili linaloukuta bado haujainuka kutoka la kwanza.

Kwanza tusichanganye miti. Ile mirefu ya ufukweni upande wa Casuarina, na ile iliyojaa mashambani, ni mivinje. Inafanana sana na misonobari, lakini si jamaa yake hata kidogo. Vile vijiti vya kijani tunavyodhani ni majani ni vitawi. Majani yenyewe ni vigamba vidogo mno vilivyozunguka vifundo vya vitawi hivyo. Ukoo ninaousema hapa ni wa misonobari, saipresi, mierezi, podo na jamaa zao wa nchi za baridi. Mvinje nitaurudia, kwa sababu nyingine.

Mwaka 1988 hifadhi ya taifa ya Yellowstone, magharibi ya Marekani, iliwaka majira yote ya joto. Tangu mwaka 1972 wasimamizi wake walikuwa wakiiacha baadhi ya mioto iliyowashwa na radi ijizimie yenyewe, lakini mwaka ule ukame ulikuwa mkali, upepo haukutulia, na mioto mingine iliwashwa na watu. Wazima moto waliletwa kwa maelfu, na pesa nyingi zikamwagwa. Mwishowe kazi haikumalizwa na binadamu. Tarehe 11 Septemba ilianguka mvua na theluji, moto ukanywea. Karibu hekta 321,000 zilikuwa zimepitiwa, asilimia 36 ya hifadhi yote, na watu wengi waliamini Yellowstone imekufa.

Mti unaotawala pale wanasayansi huuita Pinus contorta. Ni msonobari mwembamba, umenyooka, na wenyeji wa asili waliutumia kwa nguzo za mahema yao. Gome lake ni jembamba, kwa hiyo moto mkali ukiupata haupo. Kinga yake haiko kwenye gome, iko kwenye koni. Mingi ya misonobari hiyo huzaa koni zilizofungwa kwa utomvu uliokauka ukawa mgumu. Mbegu ndani zimekomaa, ziko tayari, na koni haifunguki. Hukaa tawini mwaka baada ya mwaka, hata miongo, na kila msimu koni mpya zinaongezeka juu ya zile za zamani. Mti mzima unakuwa ghala la mbegu lililofungwa.

Utomvu huo hulegea joto likifika nyuzi 45 hadi 60 hivi za Selsiasi. Juu kwenye matawi, katika nchi ile ya baridi, jua haliwezi kuleta joto la namna hiyo. Moto unaweza. Unapita kwa muda mfupi, unamuua mama aliyebeba, unalegeza utomvu, kisha magamba ya koni yanafunguka taratibu, mbegu zinadondoka. Na zinadondokea wapi? Juu ya udongo uliokwisha kufagiwa majani makavu, wenye jivu la rutuba, unaopigwa na jua kwa mara ya kwanza baada ya miaka mia. Hakuna aliyepanda. Miche mingi ilitokeza ndani ya mwaka mmoja au miwili tu baada ya moto. Mahali pengine hapakuota kitu. Mahali pengine walihesabu zaidi ya miche 500,000 katika hekta moja, yaani zaidi ya 50 kwa kila mita ya mraba, huwezi kuweka mguu.

Tofauti hiyo ya mahali na mahali ndiyo picha za simu hazituonyeshi. Moto mkubwa haulambi sawasawa. Huruka bonde, huacha kisiwa cha miti mibichi, hupita chini chini hapa na kupanda hadi vileleni pale. Kwa hiyo msitu unaorudi una sehemu nene, sehemu zenye uwazi, na sehemu za wazee walionusurika. Miti ya majani mapana iitwayo aspeni, ambayo kwa kawaida huchipuka kutoka mizizi, iliota kwa mbegu sehemu ambazo haikuwako kabla. Yuko pia kigong'ota mmoja mwenye mgongo mweusi ambaye hupenda kabisa msitu uliotoka kuungua, kwa kuwa shina lililokufa hujaa mabuu ya wadudu, na mabuu ndiyo chakula chake. Mimi mfanyabiashara ya mbao nilizoea kuuona mti uliokufa kama mali inayopotea. Kumbe kuna kiumbe aliyeufanya nyumba na meza yake.

Basi kama msitu umejiandaa hivi, wasiwasi wa nini?

Wasiwasi ni hesabu ya miaka. Msitu wa namna ile ulizoea kukaa miaka 100 hadi 300 kati ya moto mkubwa mmoja na mwingine. Muda huo ndio uliojaza ghala. Msonobari mchanga huweza kuzaa koni mapema, lakini koni zake za kwanza mara nyingi ni za kawaida, zinazojifungua zenyewe. Zile zilizofungwa huongezeka kadiri mti unavyozeeka. Mwaka 2016 moto uliingia tena mahali palipoungua 1988. Miti ilikuwa na miaka 28. Ilikuwa imesongamana, mifupi, na haijaweka akiba ya kutosha. Mwanasayansi Monica Turner, aliyeifuatilia Yellowstone tangu ule moto wa kwanza, pamoja na wenzake walipima kilichoota baadaye, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2019 wakaeleza kwamba miche ilikuwa imepungua mara sita kulinganisha na moto uliokuja baada ya muda mrefu. Hata magogo ya zamani yaliyolala chini, ambayo huhifadhi unyevu na kuupa mche kivuli, yaliliwa karibu yote.

Mti ni uleule, moto ni uleule, udongo haukubadilika. Kilichopungua ni nafasi ya kupumzika. Na dunia inavyozidi kupata joto, nafasi hiyo inazidi kubanwa.

Kuna misonobari isiyo na ghala kabisa. Pinus ponderosa, mti mnene wa gome zito, ulizoea moto mdogo unaopita chini kila baada ya miaka michache, ukaramba nyasi na kuuacha mti mkubwa umesimama. Watu wakaja wakazima kila moto kwa karne nzima, wakidhani wanaulinda. Vichaka na miti midogo ikajaa katikati, ikawa ngazi ya kuupandisha moto juu. Siku moto unapokuja sasa, huua hata wazee, na mbegu za mti huu haziendi mbali. Nyingi huanguka karibu na mama. Katikati ya eneo kubwa lililoteketea hakuna mama. Huko Marekani, katika majimbo ya Colorado na New Mexico, ziko sehemu zilizokuwa msitu, leo ni nyasi na vichaka, na huenda zikabaki hivyo.

Nije kwenye wadudu, na hapa nianze na mbao.

Fundi mmoja wa dari alinirudishia mzigo wa paini akiwa amekunja uso. Upande wa kila mbao kulikuwa na michirizi ya buluu iliyoingia kijivu.

"Kaka, hizi umenipa zilizooza."

"Hazijaoza, fundi. Chukua msumari upige."

Akapiga, akavuta, akapiga tena mahali pengine. "Mbona zashika?"

Zinashika kwa sababu ile buluu ni kuvu ambalo hula sukari na wanga uliobaki kwenye sehemu nyeupe ya mti, ile ya nje, lakini haligusi sana nyuzi zinazoipa mbao nguvu. Hapa kwetu huingia gogo likichelewa kupasuliwa katika nchi ya unyevu. Kanada kuvu la jamii hiyo huingia kwenye mti ulio hai, likibebwa na mbawakawa.

Mbawakawa huyo wa magome, Dendroctonus ponderosae, ana urefu wa milimita 5 hivi. Jike ndiye hutangulia. Hutoboa gome, na mti hujibu kwa kumwaga utomvu tundu linapotobolewa. Mara nyingi mti wenye afya humsukuma nje au kumzamisha. Lakini jike akiingia hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na wenzake wakija nao huongeza harufu, hadi wanakuwa mamia katika shina moja na utomvu hauwatoshi wote. Mti ukishajaa, harufu hubadilika kuwaambia wanaofuata waende mti mwingine. Katika mdomo wake mbawakawa ana vifuko vidogo vinavyobeba kuvu. Kuvu linaziba njia za maji, mabuu yanakula tabaka laini chini ya gome, na mti uliosimama miaka 100 unakufa katika msimu mmoja. Mwaka unaofuata majani yake yanakuwa mekundu. Baadaye yanapukutika, shina linabaki la kijivu.

Mdudu huyu hakutoka ng'ambo. Ni mwenyeji wa misitu ile tangu zamani, na mlipuko wake wa mara kwa mara ni sehemu ya maisha yake. Lakini mlipuko ulioanza British Columbia, jimbo la magharibi ya Kanada, miaka ya 1990 ulipita vyote vilivyokumbukwa: zaidi ya hekta milioni 18 ziliguswa, eneo linalokaribia theluthi ya Kenya. Sababu zilikutana mbili. Kwanza, kuzima mioto kwa miongo mingi kuliacha misonobari mingi mno ya umri mkubwa, ndiyo hasa anayoipenda. Pili, baridi ya kufikia nyuzi 40 chini ya sifuri, iliyokuwa ikiyaua mabuu wakati wa kipupwe, ilizidi kuwa nadra. Mwaka 2006 wadudu walivuka milima ya Rocky kwa wingi wakaingia jimbo jirani la Alberta, na huko wakakutana na aina nyingine ya msonobari ambayo haikuwa imezoeana nao.

Mimi hapa ndipo nilipokaa na kufikiri zaidi, maana mdudu na moto wanaua kwa namna mbili zinazopishana kabisa. Moto huua karibu wote, mkubwa kwa mdogo, lakini humwaga mbegu na kufungua ardhi. Mbawakawa huchagua wanene na kuwaacha wadogo. Hafungui koni, hafagii ardhi. Kwa hiyo baada yake msitu hauanzi upya. Wanaorithi ni wale waliokuwa wakisubiri kivulini: miche ya spurusi na firi, jamaa za misonobari, ambayo kwa miaka mingi ilikosa mwanga, ghafla inapata jua na maji. Msitu uliokuwa wa misonobari unageuka polepole kuwa wa miti mingine. Umepona? Ukiuliza kama kuna miti, ndiyo. Ukiuliza kama ni msitu uleule, hapana. Nadhani tukubali majibu yote mawili.

Watu wengi hudhani mti uliouawa na wadudu lazima utawaka vibaya zaidi. Inategemea umekufa lini. Majani yakiwa mekundu na bado yako tawini hushika moto upesi. Yakishapukutika, moto hukosa cha kurukia huko juu. Miaka mingi baadaye mashina yanapoanguka na kulundikana, moto ukija hukaa chini muda mrefu na kuuchoma udongo. Hapo tena narudi kwenye pigo la pili: mashina hayo yakiungua wakati miche midogo ndiyo kwanza imeinuka, mrithi naye amekwenda.

Sasa, binadamu huwa anafanya nini mahali kama hapo? Huingia na misumeno. Naielewa haraka hiyo, maana ndiyo kazi yangu. Mti uliokufa unapoteza thamani kila mwezi. Lakini tazama jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 2002 moto mkubwa ulioitwa Biscuit ulipita huko. Miti iliyokufa ikakatwa sehemu fulani, sehemu nyingine ikaachwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu, Daniel Donato, na wenzake walihesabu miche ya misonobari na jamaa zake kabla na baada ya ukataji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: ukataji ulipunguza miche iliyokuwa imejiotea kwa asilimia 71, hasa kwa kuvuruga udongo na kuifukia chini ya matawi. Utafiti huo ulizusha ugomvi mkubwa, wengine wakitaka uzuiwe usichapishwe. Siwashangai, kulikuwa na pesa ndani yake.

Wajerumani walikwenda njia nyingine. Katika hifadhi ya taifa ya Msitu wa Bavaria, iliyoanzishwa mwaka 1970, dhoruba za 1983 na 1984 ziliangusha spurusi nyingi, na waziri Hans Eisenmann akaamua zisiguswe. Mbawakawa wa spurusi wakazaliana ndani yake, na katika miaka ya 1990 wakaua miti katika maelfu ya hekta. Wenyeji wa vijiji vya karibu walikasirika sana. Milima waliyoijua tangu utotoni ilikuwa ya kijivu mbele ya macho yao, na wageni wao wa utalii wakiwauliza kulikoni. Ilihitaji moyo kuacha. Leo mahali hapo pamejaa spurusi vijana wa rika mbalimbali, mingine imeota juu ya magogo yanayooza, na katikati mna miti ya majani mapana ambayo kivuli cha zamani hakikuiruhusu.

Alaska nitaipita haraka. Mwaka 2004 ziliungua hekta milioni 2.7 huko, na mahali moto ulipoteketeza tabaka nene la kuvumwani na mboji lililofunika udongo, spurusi weusi walishindwa kurudi, wakaingia aspeni na mibetula, miti ya majani mapana, badala yao.

Hapa Kenya tunayo hadithi yetu, na haina mbegu za akiba wala mrithi kivulini. Paini na saipresi za mashamba ya serikali zilitoka mbali, nyingi Mexico, zikapandwa aina moja, umri mmoja, mstari kwa mstari. Pinus radiata iliangushwa na ugonjwa wa majani mapema miaka ya 1960, upandaji wake ukaachwa. Mwaka 1968 wakaja vidukari wa paini wenye sufu. Mwaka 1990 wakaingia vidukari wa saipresi, waliokuwa wameonekana Malawi mwaka 1986. Hufyonza utomvu, mate yao yana sumu, na tawi hukauka kuanzia ndani kuja nje. Walishambulia hata mwerezi wetu wa asili wa nyanda za juu. Nafuu ilitafutwa kwa nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya kidukari. Aliachiliwa kwanza Malawi mwaka 1994. Shamba la aina moja likishikwa hivyo, chini yake hakuna firi anayesubiri zamu. Kuna magugu.

Mwerezi wenyewe unafundisha jambo. Mche wake unataka mwanga. Chini ya kivuli kizito hauendi, miti ya majani mapana humrithi mzee akianguka. Ndege hubeba mbegu zake hadi mahali palipofunguka. Kwa hivyo moto wa nadra unaweza kumsaidia. Moto wa kila kiangazi, wa warina asali au wa kutafuta majani mabichi ya ng'ombe, humuua akiwa bado anafika goti.

Sasa mvinje. Ami yangu ana shamba Msabaha lililojaa mivinje mitupu, ya rika moja, ya kukatwa fito na boriti. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, na hadi marufuku hiyo ilipoondolewa 2023, fito za mashamba kama lake zilitafutwa sana, na kila jirani akapanda vilevile. Mvinje ukikatwa chini kwa kawaida hauchipui. Chini yake panajaa vijiti vikavu, na kiangazi cha Januari vinashika moto kwa kiberiti kimoja. Nikamwambia achanganye, apande mkilifi na mbambakofi katikati, na kila akivuna aache mistari ya miti mikubwa.

"Mwanangu," akasema, "mbambakofi utavunwa na wajukuu zako."

"Ndiyo, ami. Na moto ukipita leo, wewe utavuna nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha tukaenda kuliona shamba pamoja. Tumekubaliana upande wa chini, unaopakana na njia na ndiko moto huanzia, upandwe mchanganyiko masika haya, na vijiti vikavu viwe vikiondolewa kabla ya kiangazi. Upande wa juu ameshikilia ubaki mivinje mitupu, kwa sababu karo za shule haziwezi kungoja mbambakofi, na hapo sikuwa na la kumjibu.